Shingo ya Jembe la Baba

Nimekosa. Nilikata jembe la baba yangu kwa tupa ili livunjike mbele ya watu, na likavunjika. Baadaye mtu mwingine alitwishwa lawama ya yote yaliyofuata, nami nikanyamaza nikimwangalia anavyoibeba, mwaka baada ya mwaka.

Wewe unayesoma hunijui, nami sikujui, na labda ndiyo sababu ninaweza kukuambia. Nitakueleza polepole, maana ndani yake kuna mambo ya chuma na mambo ya bei, na watu wengi siku hizi hawayajui. Usichoke. Nikifika mwisho utaona kwa nini nilianzia mbali.

Kwetu ni kaskazini ya Tabora, upande wa Usumbwa, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Sisi ni watu wa chuma. Babu yangu hakuuza pembe wala watu, aliuza majembe. Yalifungwa mafungu kwa kamba za magome, wapagazi wakayachukua mabegani mpaka Tabora, na mengine yakaendelea na misafara hadi Ugogo, ambako wakubwa wa njia waliyapokea kuwa hongo ya kupita. Kijana wa kwetu akioa, majembe yalikuwamo katika mahari pamoja na mbuzi. Nyumba yenye majembe mapya yaliyochomekwa kwenye paa ilikuwa nyumba isiyoogopa mwaka mbaya.

Chuma hakitoki ardhini kikiwa chuma. Hutoka kikiwa mawe mekundu mazito. Baba alikuwa na watu wa kuyachimba, watu wa kuchoma makaa ya mti mgumu, na watu wa kufinyanga mirija ya udongo ya kupitishia upepo. Halafu walikuwapo wavukutaji, wale wanaokaa kwenye mivukuto ya ngozi wakisukuma upepo ndani ya tanuru tangu alfajiri hadi jua la kesho yake, wakipokezana na kuimba. Mkubwa wao alikuwa Mzee Maganga, binamu wa baba, mtu wa mizaha mingi.

Kila mmoja alijua sehemu yake. Kazi yote nzima ilikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja tu, baba.

Tanuru letu lilihesabiwa kuwa mwanamke mwenye mimba. Lilifinyangwa kwa udongo wa kichuguu, likawekewa maziwa mawili ya udongo kifuani, na chuma kilichotoka tumboni mwake kiliitwa mtoto. Kwa hiyo wanawake wa kweli hawakukaribia. Walisema tanuru likiona mwanamke mwenziwe linaona wivu, mimba inaharibika. Dada yangu alikuwa akiacha chakula mbali, kwenye njia, anapiga kelele, anaondoka. Nitamwita Nyamizi, ingawa si jina lake.

Mimi niliruhusiwa kukaa, lakini hadi wakati fulani tu. Moto ukishabadilika rangi, baba alinigeukia akasema, "Sasa nenda kwa mama yako." Sehemu ile ya mwisho ilikuwa ya mtu mzima. Kila mara niliondoka nikinung'unika. Baba alicheka: "Itakuja siku nitakuita ukae, na wewe utataka kulala."

Kisha nikapelekwa shule ya misheni. Nikajifunza kusoma, kuandika, na kuona haya. Walimu wetu waliliita tanuru la baba ushenzi, nami nikawa hodari wa kulirudia neno hilo kuliko wao. Nilipotoka shule nikapata kazi Tabora, katika duka la Mhindi mmoja aliyeuza nguo, chumvi, taa, na majembe ya Ulaya. Nilivaa shati jeupe. Nilikuwa na baiskeli ya duka. Nilipopita sokoni watu waliniita Karani.

Tajiri yangu hakuwa mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke, maana tukikosea hupenda kumtafuta Mhindi au Mzungu wa kumsukumia kosa. Hakuniagiza niliyoyafanya.

Ndipo zikaja siku za bei kuanguka. Wazee wenzangu mnazikumbuka. Karanga ulizokuwa ukiuza ukapata shati na chumvi na kodi, ghafla ukiuza gunia hupati hata kodi yenyewe. Nta nayo hivyo hivyo. Sisi hatukuelewa. Mvua ilikuwa imenyesha, karanga zilikuwa nzuri, kwa nini zisiwe na thamani? Wengine walisema wenye maduka wamekula njama.

Tajiri alinieleza siku moja, gazeti likiwa mapajani. Huko Amerika na Ulaya watu walikimbilia benki kutoa fedha zao, wakakuta milango imefungwa. Wenye viwanda wakakosa mikopo, wakafunga. Waliofanya kazi humo wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mtu asiye na kazi hanunui sabuni, na kiwanda cha sabuni hakinunui mafuta ya karanga. "Kwa hiyo," akasema, "mlango umefungwa kule, na wewe umebanwa kidole hapa Tabora."

Nilicheka. Baadaye sikucheka, kwa sababu watu waliacha kununua majembe.

Sikiliza vizuri hapa. Waliacha kununua majembe yetu ya dukani, hawakuacha kulima. Jembe la duka lilitaka shilingi, na shilingi zote zilikwenda kwenye kodi. Jembe la baba halikutaka shilingi. Ulimpelekea mbuzi, au mtama, au asali, au ulimchomea makaa wiki moja. Watu waliokuwa wamemsahau wakarudi kwake. Tanuru lililokuwa likiwashwa mara moja kwa mwaka likawa linawashwa kila mwezi wa kiangazi. Vijana waliokuwa wakitaka kwenda mkongeni wakabaki kuvukuta. Ulimwengu ulikuwa umefunga milango yake, na kijiji chetu kikajilimia chenyewe kwa chuma chake.

Hilo ndilo nililoliua. Wakati ule niliona kitu kimoja tu: majembe yangu yamelala ghalani yakishika kutu.

"Karani," tajiri aliniambia, "mwezi huu nitakulipa. Mwezi ujao sijui. Pakia majembe kwenye baiskeli, nenda kwenye magulio, waonyeshe watu yanavyofanya kazi. Ukiuza, tunaendelea. Usipouza, mwanangu, utarudi kwenu nami nitarudi kwetu."

Kurudi kwetu. Kuvua shati jeupe na kukaa kwenye makaa, Mzee Maganga ananicheka. Niliona bora nife.

Nikaenda kwenye gulio la kwetu, kwa sababu ndiko majembe ya baba yalikotoka. Nilifika nyumbani mchana, siku moja kabla. Mama alinipa maji, Nyamizi akanipa uji wa ulezi. Baba alikuwa kivulini akinoa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeleta hizo bati zako?"

"Nimeleta majembe, baba."

"Ndiyo, hizo hizo." Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia kesho nataka tushindanishe mbele ya watu, jembe lake na langu, kwenye kichuguu kilicho kando ya gulio. Nilidhani atakataa. Macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyealikwa ngomani.

"Vizuri. Maganga atalima na langu. Wewe tafuta mtu wako, asiwe mvivu kama wewe."

Akasimama, akachagua. Aligonga majembe moja moja kwa kucha akisikiliza. La nne au la tano akalipenda, akanipa mkononi. "Lifunge mpini wewe. Mkono wako mwepesi."

Jembe la kwetu lina bapa pana kama jani, na nyuma lina mkia mrefu unaopenya kwenye mpini. Pale mkia unapokutana na bapa tunapaita shingo. Nguvu yote ya mkulima hupita hapo.

Nilikwenda nyuma ya ghala. Katika mfuko wa baiskeli nilikuwa na tupa ya dukani, ya kusafishia ncha za majembe yaliyoharibika safarini. Nilikata shingo upande wa chini, kidogo kidogo, nikisimama kila niliposikia mguu. Chuma cha baba kilikuwa laini na kitamu kwa tupa. Sikuchukua muda mrefu. Nikayeyusha nta, nikaenda jikoni kukwangua masizi kwenye chungu.

"Masizi ya nini tena, Karani?" mama akauliza.

"Ya kupaka mpini, mama, usiteleze."

"Huko shule wanafundisha hayo?" Akacheka, akanishikia chungu ili nikwangue vizuri.

Nilichanganya nta na masizi, nikajaza mkato, nikausawazisha kwa kidole. Hata mimi sikuuona tena. Nikafunga mpini wa mninga. Baba alilipokea, akalipima mkononi, akasema nimefunga vizuri.

Asubuhi gulio lilijaa. Habari ilikuwa imetembea. Mtu wangu alikuwa Mzaramo mmoja wa reli aliyekuja kununua asali, mtani wetu tangu enzi za misafara, mwenye mikono kama mihimili. Akapanda juu ya kichuguu akatangaza: "Wanyamwezi, watumwa wangu! Mmezoea mzigo kichwani, jembe la mkononi mmelijulia wapi?"

"Kwa mama yako," Maganga akamjibu. "Alinituma nije nimlimie, maana mwanawe anakula tu." Watu wakapasuka.

Wakaanza. Udongo wa kichuguu mnaujua, mgumu kuliko tofali. Kwa muda jembe la baba ndilo lililokuwa mbele, hilo nalikiri. Maganga alikuwa anaimba. Baba alisimama mikono nyuma, hatazami jembe, anatazama watu. Nikaanza kutumaini kwamba halitavunjika. Kweli, msomaji, nilitumaini hivyo.

Likavunjika. Bapa likabaki kwenye udongo, Maganga akaanguka kifudifudi na mpini mtupu. Mtani wetu alifungua kinywa aseme neno, akatazama uso wa baba, akafunga kinywa.

Baba alichomoa bapa. Akapitisha dole gumba kwenye shingo, taratibu. Akalinusa dole gumba lake. Nta ina harufu hata mtoto wa kwetu anaijua.

Akanitazama. Nilingoja aseme. Angesema neno moja tu, ningepigwa pale pale, na leo nisingekuwa na habari ya kukuandikia.

"Karani," akasema, na alikuwa hajawahi kuniita hivyo, "funga baiskeli yako vizuri. Njia ina mawe."

Akaondoka na vipande vyote viwili. Siku ile niliuza majembe yote. Watu waliuza mbuzi papo hapo wapate shilingi za kuyanunulia. Tajiri alinisifu.

Labda unasema, jembe moja limevunjika, ndiyo nini? Nami nilisema hivyo. Lakini kazi kama ile haisimami kwa mtu mmoja. Aliyechoma makaa wiki nzima alikuwa akilipwa kwa jembe. Neno likienea kwamba majembe ya fulani yanavunjika, hakuna anayetaka kulipwa jembe, na kwa hiyo hakuna anayechoma makaa. Bila makaa wavukutaji hawana kazi. Msimu uliofuata vijana wakaenda mkongeni pwani. Maganga akapata kibarua cha reli. Hakuna aliyemfukuza mwenzake. Walitawanyika tu, kama watu wanavyotawanyika kwenye gulio jua likizama. Tanuru likanyeshewa mvua, ziwa moja likaanguka.

Baba hakumwambia mtu. Si mama, si Nyamizi, si Maganga, ambaye hadi leo anasema lile jembe lililogwa.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linaniuma kuliko tupa. Mwaka mmoja baada ya gulio lile baba alikuja Tabora kwa miguu. Alinikuta mlangoni mwa duka. Hakukubali kuingia.

"Mwaka huu nataka kuwasha mara moja," alisema. "Watu wachache wapo. Njoo ukae mpaka mwisho. Sitakutoa tena."

Unaelewa alichokuwa ananipa? Alijua nilichofanya, na alikuja kunipa sehemu ile ya mwisho.

Nikamwambia kazi ni nyingi. Uongo. Mauzo yalikuwa mabaya tena, tajiri angeniruhusu kwa furaha. Niliogopa kukaa naye kwenye moto mmoja usiku na mchana, mimi na yeye na lile neno lisilosemwa. Baba alisema, "Haya," akanunua chumvi kidogo, akarudi. Hakuwasha. Mvua za pili hazikumkuta, alikufa kwa kifua.

Halafu ikaja vita kubwa, ya pili. Nieleze tena kidogo. Viwanda vya Ulaya vilivyokuwa vikitengeneza majembe vikageuzwa vitengeneze mizinga na risasi, na meli zikabeba askari. Majembe yakakoma kuja. Safari ya kwanza, ile ya bei kuanguka, vitu vilikuwapo na fedha haikuwapo. Safari hii tulikuwa na fedha, maana walitaka sana mpira, nta na mkonge wetu, lakini rafu za duka zilikuwa tupu. Nilikuwa na mshahara mfukoni na sikuweza kununua jembe hata moja, mimi muuza majembe.

Jembe hulika. Lile la dukani nililomuuzia mtu akiwa kijana lilikuwa sasa limebaki kama kijiko. Watu wakaanza kunijia dukani kutoka kwetu. "Wewe ni mtoto wa mfua chuma. Washa."

Nyamizi naye akatuma mtu. Mumewe alikuwa amechukuliwa kwa amri kwenda kukata mkonge wa vita. Alikuwa na watoto wawili na mama yetu, na jembe moja lililoisha. Nikaomba ruhusa nikaenda, kiangazi kikiwa kinaisha. Nilikuwa na matumaini. Nilikuwa nimeona mengi utotoni, nikadhani yatanitosha.

Tulifinyanga tanuru upya. Mawe tulijua yalipo. Makaa tulichoma. Maganga alikuwa amerudi kutoka relini, mgongo umepinda, lakini mikono bado ilijua. Wavukutaji ndio waliokosekana. Vijana wote walikuwa jeshini au mkongeni. Tulikuwa watatu pamoja na jirani mmoja mzee, na kazi inataka sita.

Asubuhi ya kuwasha Nyamizi alikuja hadi kwenye tanuru. Hakuacha chakula njiani. Alikuja moja kwa moja, kanga imefungwa kiunoni.

Maganga akasimama, akamwamkia kwa salamu yetu ya asubuhi. "Mwangaluka, binti. Unapotea njia?"

"Mwangaluka. Sijapotea. Baba hayupo wa kunikataza na mume wangu hayupo wa kuvukuta. Nipe mivukuto."

"Mwanangu, unajua mwiko."

"Mwiko unaijua njaa? Baba mdogo, nipe mivukuto."

Wakanitazama mimi. Nikasema akae. Nilikuwa mtu wa shule, mwiko ule sikuuamini, na siuamini leo. Nyamizi alivukuta kuliko sisi sote. Mikono ikatoka malengelenge, yakapasuka, akafunga majani, akaendelea. Aliimba nyimbo za wavukutaji kwa sauti ya chini. Kumbe alikuwa amezisikia kutoka kule njiani miaka yote.

Moto ukabadilika rangi. Pale pale ambapo baba alikuwa akiniambia nenda kwa mama yako. Nikamgeukia Maganga.

"Sasa alifanya nini?"

Maganga aliniangalia kana kwamba nimemuuliza jina lake. "Mimi nitajuaje? Mimi nilikuwa navukuta, nimempa mgongo. Alikuwa akisikiliza. Wakati mwingine alisema tuvukute polepole, wakati mwingine haraka. Wakati mwingine alitia kitu. Hukuambiwa wewe?"

Nikasema wavukute polepole. Baadaye nikasema haraka. Nikaongeza mawe. Nikaongeza makaa. Nilikuwa kama mtu anayepapasa mlango gizani, na mlango wenyewe nilikuwa nimeufunga mimi.

Jua lilipotoka tulivunja tanuru. Ndani hamkuwa na chuma. Mlikuwa na mavi ya chuma tu, meusi, yenye matundu, yanayopasuka ukiyagonga. Tulikuwa tumemaliza makaa yote. Mvua ya kwanza ilinyesha kabla hatujachoma mengine.

Wazee wawili walikuwa wamekuja kutazama. Mmoja akasema, bila hasira, kama anayesema mvua inakuja: "Mwanamke alikaa kwenye tanuru. Mimba imeharibika."

Nyamizi aliangalia mikono yake.

Nami, msomaji, sikusema kitu. Hapo ndipo kosa langu la pili, lililo kubwa kuliko la kwanza. Ilikuwa rahisi sana. Neno limeshasemwa, limepata mtu wa kukaa juu yake, na mtu huyo si mimi.

Kabla sijaondoka aliniletea kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Lilikuwa bapa la lile jembe, na mkia wake. "Baba alisema nikupe siku utakapokuja kuwasha," alisema. "Alisema utaliunga." Akaligeuza, akagusa shingo. Nta ilikuwa imetoka zamani. Mkato wa tupa ulionekana wazi, umenyooka, unang'aa upande mmoja. "Kwa nini baba hakuliunga mwenyewe? Ilikuwa kazi ya jioni moja kwake."

"Sijui," nikasema.

Kuunga chuma kwa chuma ni kazi ya moto na wakati wake. Hukiungi kwa nguvu. Nilijaribu, mara nyingi, kwa siri, kwa mafundi wa mjini pia. Jembe lile bado ni vipande viwili.

Mwaka ule Nyamizi alilima kwa mti uliochongwa ncha. Wanawake wengi wa kwetu walilima hivyo. Mti unatoboa, haugeuzi udongo. Akapanda robo ya shamba. Unga niliopata kwa mgawo mjini nilipeleka nusu yake, na mvua zikakata njia. Mama alikataa kuja Tabora, akasema hawezi kumwacha Nyamizi peke yake. Alikuwa akigawa chakula chake kwa wajukuu na kusema ameshiba. Alikufa mtama ukiwa unaanza kuchanua. Nilifika baada ya mazishi. Chungu kile kilikuwa pale jikoni, na pembeni palionekana bado mahali nilipokwangua. Au niliona hivyo.

Nyamizi hajawahi kulisema, lakini najua. Tangu siku ile ya tanuru hajakaribia moto wa mhunzi yeyote. Hata wa kuchomelea sufuria sokoni huzunguka njia nyingine. Mumewe alirudi akiwa salama, watoto wamekua, yeye huamka bado kabla ya jua na kukaa uani akitazama mikono yake. Anaamini aliua chuma cha baba, na chuma kilichokosekana kikamuua mama. Ninapomtembelea ananipikia vizuri. Ananiita kaka yake msomi.

Majembe ya dukani yamerudi. Yamejaa. Vijana wa kwetu hawajui kwamba babu zao walitoa chuma kwenye mawe. Ukiwaonyesha vipande vyeusi shambani wanadhani ni mawe ya radi.

Wewe uliye kijana, ambaye mzee wako ana kazi unayoionea haya: sikukatazi duka, wala shati jeupe. Bei itapanda na kushuka, benki zitafunga na kufungua, meli zitakuja na zitakosa kuja. Mimi nimeyaona hayo mara mbili. Nenda ukakae naye mpaka mwisho, hata ukisinzia. Akikuita, nenda, na kama umemkosea, nenda hivyo hivyo na aibu yako. Mimi ninaweza kukueleza jinsi kufungwa kwa benki za Amerika kunavyofikia karanga za Tabora. Siwezi kukueleza baba alitia nini kwenye moto ulipobadilika rangi. Hakuna mtu aliye hai anayeweza.

Na wewe ambaye binti yako hukusomea gazeti hili Jumapili. Najua ameshafika hapa na umemwambia arudie tangu juu. Haikuwa mikono yako. Mikono yako ilivukuta vizuri kuliko yetu. Lile jembe ulilonipa, mkato ule ulionyooka, ni wa tupa, na tupa ilikuwa yangu. Baba alijua. Nitakuja kabla ya mvua, nalileta. Ukiniona njiani, kama hutaki niingie, acha chakula mbali, piga kelele, nitaelewa.